Altaneta kwenye Land Rover ya zamani si uharibifu

Mwenye Land Rover Series IIA, gari la miaka ya sitini, hapa Mtwara akiondoa dainamo ya kiwandani inayochaji betri na kufunga altaneta, mashine ya kisasa zaidi ya kazi hiyohiyo, hakosi wa kumwambia kaliua gari. Wasemao hivyo wana hoja. Gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani lina thamani yake, na dainamo ya Lucas fundi yeyote anaifungua, anabadilisha brashi, inarudi kazini.

Ila tupige hesabu. Dainamo ile, modeli ya C40, ikizunguka vizuri hutoa ampia 22. Balbu mbili za wati 60 zinakula 10. Koili inayowasha plagi inataka kama 3 au 4. Bado wipa, bado taa za nyuma na za breki. Na hizo 22 ni za injini iliyochangamka. Ikinguruma taratibu, dainamo haitoi kitu cha maana na mzigo wote unabebwa na betri. Sasa mfikirie anayepanda Newala usiku wa mvua, amesimama nyuma ya lori lililozimika njiani, wipa zinafanya kazi, taa zinazidi kuwa njano. Altaneta huchaji hata injini ikiwa chini. Huo si urembo, ni kuona njia.

Kuna na hili la fyuzi, linalonitia hofu zaidi. Gari zile zilitoka na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti kwenye hata moja. Waya wa miaka sitini, mpira umepasuka, umekula chumvi ya upepo wa Mikindani: ukigusa bodi, kitakachokatika ni waya wenyewe, kwa kuungua. Fyuzi chache na rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) zinaondoa hatari hiyo, na swichi ya dashibodi haibebi tena umeme wote wa taa.

Kwenye platini, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche, nipo upande wa wahafidhina wasiotaka kuibadilisha kwa kifaa cha elektroniki. Kifaa hicho kikifa Nanyamba, mbali na mjini, kimekufa. Platini unaipitishia msasa na kuondoka.

Anayefunga altaneta aangalie kwanza: gari nyingi za kabla ya 1967 zina chanya ya betri kwenye bodi, na asipoigeuza iwe hasi, daiodi zilizo ndani ya altaneta zinaungua papo hapo. Avute waya mnene mpya hadi kwenye betri, asikwangue rangi tu bali asafishe kutu pale waya wa bodi unapofungwa kwenye chesisi. Nyaya za zamani asizikate, na dainamo aihifadhi, atakayelinunua gari akiitaka airudishe.