Wa nne wa Rio, na watatu waliomtangulia

Tarehe 20 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, Melissa Bishop wa Canada alimaliza fainali ya Olimpiki ya mita 800 kwa dakika 1:57.02 akawa wa nne. Mbele yake kwa sekunde 0.13 tu alikuwa Margaret Wambui wa Kenya, aliyechukua shaba. Fedha ilikwenda kwa Francine Niyonsaba wa Burundi, na dhahabu kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini aliyekimbia 1:55.28. Haikupita miaka mitatu, wote watatu waliopanda jukwaani wakazuiwa kukimbia umbali huo mpaka wakubali kushusha homoni zao. Bishop hakupewa medali, wala wao hawakunyang'anywa. Na katika hao wanne hakuna aliyedanganya.

Nimeanza na wa nne makusudi. Kila mjadala huu wa huntha kwenye mbio za wanawake unapowaka, watu hugawanyika na kila upande huchagua mwanamke mmoja wa kumlilia: ama aliyezuiwa, ama aliyepitwa. Ukiwaweka wote kwenye mstari mmoja wa kuanzia, kelele hupungua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Huntha si mtu aliyebadili jinsia. Ni mtu aliyezaliwa na kromosomu, tezi au viungo vya uzazi visivyoingia sawasawa kwenye mgawanyo tuliouzoea wa mwanamke na mwanamume. Hali zenyewe ni nyingi, na nyingi kati yake hazihusiani na mbio hata kidogo. Kanuni za riadha zinawalenga wachache: wenye kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, na korodani, aghalabu zilizobaki ndani ya mwili, zinazotoa testosteroni, homoni kuu ya kiume, kwa kiwango cha wanaume, na ambao miili yao inaitikia homoni hiyo. Chukua upungufu wa kimeng'enya cha 5-alfa reduktasi. Tumboni mwa mama, testosteroni ya mtoto haigeuzwi vya kutosha kuwa ile homoni kali zaidi inayojenga viungo vya nje vya kiume. Mtoto anaweza kuzaliwa akionekana msichana, akaandikwa msichana, akalelewa msichana. Balehe ikifika, korodani zinaamka: hedhi haiji, sauti inakuwa nzito, misuli inajaa. Kinyume chake wako wenye XY ambao seli zao haziisikii testosteroni kabisa. Homoni ni tele kwenye damu, lakini ni kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Hawa wa pili kanuni huwaacha wakimbie. Msomaji awakumbuke, maana tutawarudia.

Hoja ya kuweka mpaka ni nzito kuliko wanaoipinga wanavyotaka kukiri. Rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ni 1:40.91, aliyoiweka David Rudisha London mwaka 2012. Ya wanawake ni 1:53.28, ya Jarmila Kratochvílová, tangu 1983. Pengo ni asilimia 12 hivi. Kabla ya balehe wavulana na wasichana hawatofautiani sana. Baada yake mwanamume ana moyo mkubwa zaidi, hemoglobini nyingi zaidi, mifupa mirefu na misuli ya ziada, na chanzo kikuu ni testosteroni. Kwa wanawake kiwango cha kawaida ni chini ya nanomoli 2 kwa lita ya damu. Kwa wanaume ni kuanzia karibu 8 hadi 29. Viwango hivyo viwili havigusani. Kundi la wanawake katika riadha lilitengwa kwa ajili ya pengo hilo. Liondoe, na fainali zote zitakuwa za wanaume.

Ndiyo maana mfano wa Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani ambaye hakuna aliyemzuia kwa mikono yake mirefu, haujanishawishi ingawa hurudiwa kila siku. Ukitaka mfano mzuri zaidi wa kipaji cha kuzaliwa nacho, mchukue Eero Mäntyranta, mteleza kwenye theluji wa Finland, aliyerithi badiliko la jeni lililompa chembe nyekundu za damu kupita kiasi. Alishinda dhahabu tatu za Olimpiki kati ya 1960 na 1964, na hakuna aliyetaka apunguzwe damu. Lakini hakuna kundi la wasio na damu kama ya Mäntyranta, wala la wenye mikono mifupi. La wanawake lipo. Bondia wa kilo 80 hawezi kudai kupigana na wa kilo 50 kwa sababu uzito wake ni wa asili, kwa kuwa uzito ndio uliogawanya mabondia tangu mwanzo.

Kuna pia hesabu. Utafiti uliofanywa kwa wanariadha wa kike wa mashindano ya dunia ya Daegu, mwaka 2011, ulikuta takriban 7 kati ya kila 1,000 wakiwa na hali hizi za XY, kiasi ambacho watafiti walikadiria kuwa mara 140 ya kinachotarajiwa katika jamii. Mtu anaweza kubishana juu ya ukubwa wa faida. Kusema haipo kabisa ni kujitia hamnazo.

Sasa geuza shilingi. Muda bora wa Semenya ni 1:54.25, alioukimbia Paris mwaka 2018. Hakuwahi kuifikia rekodi ya Kratochvílová, na wavulana wa shule kwa mamia hukimbia kasi kuliko hivyo. Mwezi Septemba 2025, Lilian Odira wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia jijini Tokyo kwa 1:54.62, kwenye mashindano ambayo kila mwanamke alitakiwa kupimwa jeni kwanza. Huo ni muda bora kuliko ule wa 1:55.45 ambao mwaka 2009, jijini Berlin, ulifanya watu waseme kwamba Semenya hawezi kuwa mwanamke. Kwa hiyo faida ipo, lakini haimtupi mtu nje ya uwezo wa wanawake wengine. Alitakiwa awe na kipaji kwanza.

Na ushahidi uliotumika kuwazuia ulikuwa na matobo. Utafiti wa mwaka 2017 wa Stéphane Bermon na Pierre-Yves Garnier, wote wakiwa na uhusiano na shirikisho lenyewe la riadha la dunia, ulilinganisha matokeo ya wanawake wenye testosteroni nyingi na wenye kidogo. Tofauti kubwa zaidi ilionekana kwenye kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Kanuni za mwaka 2018 zikaiacha nyundo, zikauacha upondo, zikakamata mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja, zikiwemo mita 1,500 ambako utafiti haukuonyesha tofauti ya maana. Mwaka 2021 waandishi hao walichapisha sahihisho wakikiri kwamba kazi yao ilikuwa ya uchunguzi wa awali tu na haikuthibitisha kwamba jambo moja linasababisha jingine. Sahihisho lilikuja wakati wanariadha walikuwa wameshakosa misimu yao. Mtu wa kawaida akiitazama orodha ile ya mbio na kuwakumbuka watatu wa Rio, ana haki ya kuuliza kama kanuni iliandikwa kwanza na sababu zikatafutwa baadaye.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi si mpaka wenyewe, bali njia ya kati iliyobuniwa ili kila mtu aridhike: kimbia na wanawake, ila meza dawa kwanza. Mwaka 2011 kikomo cha testosteroni kiliwekwa nanomoli 10 kwa lita. Mkimbiaji Dutee Chand wa India alikipinga kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na mwaka 2015 kikasimamishwa. Kikarudi kikiwa 5, na Machi 2023 kikashushwa hadi 2.5 kwa mbio zote na michezo yote ya uwanjani. Kwa sura ilionekana ni huruma: hatukufukuzi, tunakupa nafasi. Kwa kweli ilikuwa kumtaka mtu asiyeumwa ameze vidonge ili arudi kazini. Semenya alimeza kati ya 2010 na 2015, na ameeleza jinsi vilivyomtesa kwa kichefuchefu, homa na kuongezeka uzito. Mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda aliondolewa kwenye safari ya Olimpiki ya 2012, akafanyiwa upasuaji ambao anasema hakuelezwa barabara maana yake, na hakurudi tena kwenye kiwango chake. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wasishiriki katika kutekeleza kanuni hizo.

Na njia hiyo ya kati haikumridhisha hata yule wa nne. Kidonge kinashusha homoni ya leo. Hakirudishi mifupa na moyo vilivyojengwa wakati wa balehe. Kwa hiyo anayeamini mpaka unahitajika anabaki na malalamiko yaleyale, na anayeamini hauhitajiki anashuhudia mwili mzima ukiharibiwa. Sijui kanuni nyingine ya michezo iliyofaulu kuwakosea wote kwa mpigo mmoja namna hii.

Mahakama nazo hazikutufikisha mbali. Mei 2019, katika kesi ya Semenya, majaji wawili wa CAS dhidi ya mmoja walisema kanuni ni ya kibaguzi, ila ubaguzi huo ni wa lazima na wenye kadiri. Sentensi hiyo naisoma tena na tena, na kila mara nakuta wamesema ukweli ambao hauna raha. Julai 2025, Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu liliamua kwamba mahakama ya Uswisi, alikokata rufaa baada ya CAS, ilimnyima Semenya haki ya kusikilizwa ipasavyo. Magazeti yaliandika kwamba ameshinda. Alishinda, lakini katika suala la namna alivyosikilizwa. Juu ya kanuni yenyewe Baraza hilo halikutoa hukumu.

Wambui aliwahi kupendekeza kundi la tatu, la wanawake wenye testosteroni nyingi. Pendekezo hilo lina heshima yake kwa kuwa limetoka kwa mwenye maumivu, lakini anayejiandikisha humo ametangaza siri ya mwili wake kwa dunia nzima, na ni vigumu kuona watakaojitokeza wakitosha kujaza fainali.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025 shirikisho la riadha linapima jeni ya SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y. Ni kipimo cha mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au kwa damu. Njia ya dawa imefungwa, isipokuwa kwa wachache waliokuwa wameshaanza chini ya masharti ya awali. Katika hilo naona nafuu, tena si ndogo. Wanapimwa wote. Hapo zamani aliyepimwa ni yule ambaye mtu alimtilia shaka kwa kifua chake, sauti yake au nywele zake, na shaka hiyo iliwaangukia sana wasichana wa Afrika na Asia. Sababu moja ni kwamba katika nchi zenye hospitali za kutosha watoto wengi wa aina hii hugunduliwa mapema na korodani kuondolewa kabla ya balehe, kwa hiyo hawafiki uwanjani na sura ya kutiliwa shaka.

Ila kipimo hiki si kipya kama kinavyotangazwa. Mwaka 1966, kwenye mashindano ya Ulaya ya Budapest, wanawake walitakiwa kupita bila nguo mbele ya madaktari. Kuanzia 1968 Olimpiki ikatumia kipimo cha kromosomu. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387; wanane wakakutwa na alama za Y, na wote wanane wakaruhusiwa kushindana. Miaka mitatu baadaye kipimo kikaachwa kabla ya Sydney, kwa kuwa kilikuwa kikifukuza wasiostahili kufukuzwa. Andrew Sinclair, mmoja wa wanasayansi walioigundua SRY mwaka 1990, amepinga hadharani matumizi haya: jeni kuwepo hakukuambii kama inafanya kazi, wala kama mwili unaitikia.

Kwa maoni yangu mpaka ubaki, na uwekwe mapema, kabla msichana hajajenga maisha yake yote juu ya mbio. Lakini nitaamini kwamba shirikisho lina nia njema siku litakapotenganisha maswali mawili ambayo limeyachanganya kwa miaka 60: msichana huyu akimbie kundi lipi, na msichana huyu ni nani. La kwanza ni lao. La pili halijawahi kuwa lao, lakini kila wanapolijibu la kwanza wanalijibu na la pili, mara nyingi mbele ya waandishi wa habari.

Turudi kwa wale ambao seli zao haziisikii testosteroni. Mwaka 1985, María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, alikwenda Kobe kushindana, kipimo kikaonyesha XY, na daktari wa timu akamshauri ajifanye ameumia. Alikaa kwenye jukwaa la watazamaji akijifanya ameumia. Mwaka uliofuata alikataa kujificha, akakimbia kwao, akashinda, na habari zikavuja magazetini. Alipoteza udhamini wa masomo, makazi ya wanariadha, na mchumba. Haki ya kukimbia alirudishiwa mwaka 1988, kasi ikiwa imeshapungua.

Kwa kanuni za leo Martínez-Patiño angeruhusiwa. Lakini kwanza majibu ya SRY yangerudi yakiwa chanya, na mtu angelazimika kumwita chumbani, pengine akiwa na miaka 17, amweleze jambo ambalo hata mama yake halijui. Huyo mtu ni nani, amefundishwa wapi, na ni nani mwingine anaruhusiwa kuwa ndani ya chumba hicho?