Jeni ya Kurithi na Swali la Chakula

Mwanamke anayeambiwa kwamba amerithi hitilafu katika jeni ya BRCA1 au BRCA2 hupewa papo hapo hesabu ya kutisha: takribani 7 kati ya 10 wenye hitilafu hiyo hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Kisha huelezwa habari za picha za MRI za kila mwaka na za upasuaji. Akiuliza kuhusu chakula, mara nyingi hujibiwa kwa upole, kama mtu anayebembelezwa, kwamba ale vizuri kama watu wengine.

Wanaojibu hivyo hawakosi hoja. Kuondoa matiti yote mawili hupunguza hatari kwa asilimia 90 au zaidi, na hakuna mlo unaokaribia hapo. Majaribio ya mlo wa Mediterania (wa mboga, nafaka, samaki na mafuta ya zeituni) yaliyofanywa Italia kwa wanawake wa kundi hili yalipima uzito na vipimo vya damu, si idadi ya waliougua.

Hata hivyo, kuna takwimu moja ambayo sijaona ikijibiwa kikamilifu. Mwaka 2003, mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanawake wa Kiyahudi wa New York wenye hitilafu hizo. Kwa waliozaliwa kabla ya 1940, hatari ya kuugua kufikia umri wa miaka 50 ilikuwa asilimia 24. Kwa waliozaliwa baadaye, ilikuwa asilimia 67. Jeni ni ile ile, iliyotoka kwa bibi ikafika kwa mjukuu bila kubadilika hata herufi moja. Mtu anaweza kusema, na kwa haki, kwamba wajukuu walivunja ungo mapema zaidi na kuzaa wakiwa wamechelewa, mambo ambayo yenyewe huhusishwa na saratani ya matiti. Lakini utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba waliofanya mazoezi na ambao hawakuwa wanene katika ujana wao walichelewa kuugua.

Mwaka 2023 watafiti wa Weill Cornell, chuo cha tiba cha New York, walichunguza tishu za matiti zilizotolewa kwa wanawake wa aina hii, wakakuta kwamba kadiri uzito ulivyozidi kulingana na kimo, ndivyo DNA ya seli ilivyokuwa na majeraha mengi zaidi. Kazi ya BRCA ni kukarabati majeraha hayo hayo; fundi akiwa nusu, kumwongezea kazi si jambo dogo.

Lipo pia la ovari, ambalo wapinzani wa lishe hulipita upesi mno. Mwenye hitilafu ya BRCA1, ambayo huongeza pia hatari ya saratani ya ovari, hushauriwa kuziondoa kati ya miaka 35 na 40. Analala mezani akiwa bado anapata hedhi, anaamka akiwa ameingia ukomo wa hedhi, naye hubaki na miongo kadhaa ya kulinda moyo, mifupa na sukari ya damu bila estrojeni, homoni ya kike aliyoizoea. Hapo, hata tukiiweka saratani kando, miadi ya mtaalamu wa lishe ingefaa kuandikwa kwenye kadi ile ile yenye tarehe ya kutolewa nyuzi.