Darubini iliyoishiwa baridi

Mei 2009 darubini ya anga ya Spitzer iliishiwa heliamu iliyokuwa ikiipoza. Kioo chake kilikuwa kizima, paneli za jua nzima, lakini tangu siku hiyo ikawa kipofu wa mawimbi marefu ya infraredi, mwanga wa joto usioonekana kwa macho. Ilibaki na mawimbi ya mikromita 3.6 na 4.5 tu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hadi ilipozimwa Januari 2020.

Ndiyo maana mimi hunung'unika watu wanaposifia ukubwa wa vioo. Kwangu mimi, kazi ngumu iko nyuma ya kioo, kwenye kile kipande kinachotosha kiganjani: kihisio, kinachogeuza mwanga kuwa umeme.

Sogeza mkono karibu na jiko ambalo makaa yake yamefunikwa na majivu. Huoni kitu, ila joto unalipata. Hiyo ndiyo infraredi. Balaa ni kwamba kihisio nacho kina joto lake, na joto hilo huzaa umeme wa uongo unaofanana na ule wa kweli. Ni sawa na kutafuta kibatari saa saba mchana. Tena wimbi likizidi kurefuka, nishati ya kung'oa elektroni huzidi kupungua, hivyo hata uvuguvugu kidogo ni fujo. Vihisio vya silikoni na aseniki vya kifaa cha MIRI, kwenye darubini ya James Webb, huona hadi karibu mikromita 28, lakini sharti vipozwe chini ya kelvini 7, yaani nyuzi 266 chini ya sifuri. Mtambo wa kuvipoza tu ni mradi mzima.

Walionivutia ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, akiwemo marehemu Judith Pipher. Wao, pamoja na JPL, maabara ya NASA, na kampuni ya Teledyne, walikomaa na mchanganyiko wa zebaki, kadimiamu na teluriamu. Ukipunguza kadimiamu, kihisio huona mbali zaidi kwenye mawimbi marefu. Kwenye karatasi ni rahisi! Kwenye fuwele, kasoro ndogo tu na pikseli inavuja umeme. Walitengeneza, wakapima, wakarudia kwa miaka, wakafika mikromita 10 kwa kelvini 40 hivi, baridi ambayo chombo hujipatia kwa kujikinga na Jua na kuachia joto lake angani. Heliamu hata tone haihitajiki.

Vihisio hivyo ndivyo vya NEO Surveyor, darubini ya NASA ya kusaka asteroidi, yaani mawe yanayozunguka Jua. Asteroidi nyeusi kama mkaa huakisi mwanga kidogo mno, ila joto lake halifichiki. Jiwe lililolipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, Februari 2013, lilitokea upande wa Jua na hakuna aliyeliona likija. Zaidi ya watu elfu moja waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha.