Anayebaki nyumbani ndiye achague pa kuabudu

Barua ya uhamisho ikifika, familia ya mwanajeshi hujadili mengi: nyumba, shule za watoto, kazi ya mwenza. Suala la wapi tutasali kila wiki huachwa mwisho, na mara nyingi huamuliwa na yule anayevaa magwanda. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Kauli ya mwisho iwe ya yule atakayebaki na watoto mwenzake akiwa operesheni.

Naandika kama mke wa askari. Nimesali kambini na nimesali uraiani, na kote nimekutana na watu wema.

Kambini kuna nafuu moja kubwa: hulazimiki kujieleza. Ukiingia na watoto, mmoja amelala begani na mwingine anavuta gauni, hakuna anayeuliza mumeo yuko wapi. Mtu wa benchi la nyuma anakupokea mtoto tu, kwa sababu hali hiyo anaijua. Uraiani utaulizwa, tena kwa nia njema na mbele za watu, atarudi lini, na tarehe ya kikosi kurudi si jambo la kutangaza. Inabidi ujibu "Mungu akipenda" na kutabasamu.

Kapelani, yaani kiongozi wa dini wa jeshini, naye ni msaada. Katika jeshi la Marekani, kwa mfano, siri uliyomwambia kama kiongozi wako wa kiroho hawezi kuitoa bila ridhaa yako, hata mkuu wake akitaka kuijua. Jambo hilo limeokoa ndoa nyingi, naamini. Ila kapelani pia ni askari, ana uhamisho wake. Unaanza kumzoea, anaondoka.

Halafu kuna vyeo. Hakuna anayepiga saluti wakati wa ibada, lakini nyumba yako ikiwa na matatizo, ni vigumu kuyasema kwenye kikundi cha maombi alichomo mke wa mkuu wa mumeo.

Linalonigusa zaidi ni hili: kambini hakuna wazee. Askari wengi hustaafu wangali na nguvu, wakahama, na watoto wetu wanakua wakiona waumini wa rika la wazazi wao tu. Uraiani, binti yangu alizoea kukaa na bibi mmoja ambaye kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimeshonwa upya mgongoni kwa uzi mweusi. Nyimbo alizijua zote kwa kichwa, lakini alipitisha kidole mstari kwa mstari ili mtoto afuate. Binti yangu alijifunza kusoma hapo kuliko darasani. Kambini sijawahi kuona mtu wa umri ule.

Wapo wasio na nafasi kubwa ya kuchagua. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina makapelani tangu 1775, lakini kapelani wa kwanza Mwislamu alipatikana miaka ya 1990. Kambi isipokuwa na imamu, familia itafuata sala ya Ijumaa mjini, na hapo inafaa wakuu wawape ruhusa bila kununa. Wakatoliki wana wepesi: sheria ya Kanisa aliyoitoa Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1986 kuhusu majimbo ya Kanisa ya kijeshi inaziweka familia chini ya askofu wa jeshi, lakini haiondoi mamlaka ya askofu wa mahali. Kusali parokia ya mtaani si utoro.

Ushauri wangu: nendeni kote kuwili mapema, baba au mama askari akiwa bado yupo, ili watoto wamwone akisali katika nyumba hiyo mpya. Mkipata mahali, mwambieni kiongozi wazi kwamba mtahama tena, na muombe kazi mara moja, iwe kwaya, usafi au kufundisha watoto. Wengine huwaacha wageni wa jeshi pembeni wakidhani ni wapita njia. Na askari akirudi, aende kule mwenzake alikochagua, hata kama mahubiri ni marefu kuliko alivyozoea. Mwenzake ameshajuana na watu pale.