Dawa si ya uongo, mama

Wiki iliyopita mama mmoja muuza samaki aliingia katika duka langu la dawa hapa Arua, Uganda, malengelenge manne yamemkaa pembeni mwa mdomo, yamesongamana kama mayai ya samaki. "Mwanangu, dawa yako ya uongo. Mwaka jana nilimeza nikapona, leo imerudi palepale."

Sikumlaumu. Sisi wauza dawa tunahesabu vidonge, tunatia kwenye bahasha, basi. Hatusemi dawa inapigana na nini.

Malengelenge hayo huletwa na kirusi cha herpesi. Kikiingia kwenye seli, hupeleka DNA yake, yaani maandishi yake ya urithi, hadi ndani ya kiini cha seli: uzi wa jozi za herufi kama 152,000. Humo ncha mbili hushikana, uzi unakuwa duara. Kisha kinaunda protini zake saba za kunakili, nyingine za kufungua uzi, nyingine za kuandika, na mwandishi mkuu ni polimerasi. Ni sawa na mtu aje kwenye kibanda chako cha fotokopi na mashine yake mwenyewe, umeme na karatasi vikawa vyako. Nakala zinatoka zimeungana kichwa kwa mkia, mkanda mrefu, halafu unakatwa kipande kwa kipande wakati wa kupakiwa kwenye maganda ya virusi vipya.

Asikloviri, dawa aliyomeza mama, inavizia mashine hiyo. Ni herufi bandia ya DNA, na kimeng'enya cha kirusi chenyewe ndicho huiwasha kwanza, kwa hiyo seli isiyo na kirusi haisumbuliwi sana. Polimerasi ikiiokota, uzi unakwama hapohapo. (Gertrude Elion, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobeli mwaka 1988.) Lakini kirusi kikishajificha kwenye neva za uso, hakinakili chochote. Dawa itazuia nini? Malaria ikipanda kinaamka, nasi tunasema homa imetokea mdomoni.

Kirusi hiki kina ndugu mjanja zaidi, Epstein-Barr, na huyo anatuhusu kabisa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958. Mwaka 1964 kirusi hicho cha Epstein-Barr kikaonekana London, katika seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Miaka ya 1970 watoto kama 42,000 wa West Nile hapa walitolewa damu ili kukifuatilia. Kirusi hiki kikilala, hakiwashi mashine yake. Kinachomeka ukurasa wake katikati ya rundo lako: protini iitwayo EBNA1 hulishikiza duara lake kwenye kromosomu zetu, na seli ikijiandaa kugawanyika, polimerasi yetu wenyewe inalinakili pamoja na DNA yetu. Hapo asikloviri haina pa kushika.

Yote haya sikumwambia mama. Nilimwambia kirusi chake kimelala, hakijafa.

"Sasa nimeze au nisimeze?"

"Meza, mama. Na siku nyingine ukisikia mdomo unawasha tu, njoo siku hiyohiyo, usingoje malengelenge."

"Siku ya soko? Samaki nimwachie nani?"

Nikamwambia atume mtoto.