Minazi tulilipwa, bahari je?

Mimi kwetu Paje, Unguja, ila miaka hii niko Cornwall huku Uingereza, karibu na St Ives. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba huku nako kuna vijiji vya wavuvi vilivyoliwa na watalii hawaniamini, wao wanajua kila mzungu ana nyumba ya ufukweni lol.

St Ives ilikua ya wavuvi, samaki wadogo jamaa ya dagaa. Wakaja wachoraji, 1993 ikafunguliwa Tate, jumba kubwa la sanaa, na watu wa London wakaanza kununua vinyumba vya wavuvi wawe wanakuja wikiendi. Pita vichochoro vile Januari saa kumi na mbili jioni, madirisha giza tupu, kila mlango una kiboksi cha namba cha kuwekea ufunguo wa mgeni. Wanaotandika vitanda humo wanakuja na basi kutoka miji mingine maana kodi ya pale hawaiwezi. 2016 wakapiga kura, zaidi ya 80% wakasema nyumba mpya ziuzwe kwa wakaazi wa kudumu tu. Nyumba mpya lakini! Za zamani mwenye pesa ananunua kama kawa.

Walichelewa, sawa, ila angalau waliulizwa. Sisi nani katuuliza? Zanzibar ardhi ni ya serikali, chako ni ulichopanda, basi eneo la ami yangu lilipotakiwa ikahesabiwa minazi, mmoja mmoja, akalipwa minazi yake. Pesa ikalipia harusi mbili na pikipiki, kwisha. Leo pale kwenye minazi chumba kinalipiwa bei ya watalii na wanawe wanapanga ng'ambo ya barabara kuu.

Na msiniambie utalii umeleta ajira, najua, mdogo wangu anafundisha kaiti, ule mchezo wa kuteleza baharini ukivutwa na tiara, na analipwa vizuri kuliko mwalimu. Lakini mwani nao ulikua ajira, tangu 1989 akina mama wanafunga kamba pale pale kaiti zinapopita, mabati ya kwetu ni pesa ya mwani.

Mama bado anaenda. Njia yake ya zamani ina ukuta sasa. Askari wa getini ni mtoto wa jirani, kila asubuhi anamwamkia vizuri tu, shikamoo bi mkubwa, halafu anamnyooshea kidole pa kuzungukia.