Maonyesho ya wanakisomo: mikono inasifiwa, daftari liko wapi?

Ikikaribia Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, madarasa ya elimu ya watu wazima Unguja na Pemba huanza kutoa vitu nje: mikeka, misala ya kuswalia, kawa za kufunikia chakula, mikoba ya ukili (utepe uliosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu), kofia za mkono, sabuni za mwani. Mgeni rasmi hupita mezani, hushika kofia, huigeuzageuza, huuliza bei, hupigwa picha. Makofi, kisha hotuba.

Wapo wanaoona hayo ni mbwembwe, na hoja yao ni nzito kuliko watetezi wa maonyesho wanavyokiri. Mama wa Wete au wa Makunduchi hakufunzwa kusuka darasani. Kusuka amekukuta kwao. Anaujua ukindu uliokomaa. Anauanika, anauchana, anauchemsha na rangi, halafu anasuka ukili siku baada ya siku huku soga zikiendelea barazani. Ukishatosha, anashika shazia, sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kuunga ukili kwa ukili mpaka mkeka utimie, ndipo apige pindo. Yote hayo aliyajua kabla jina lake halijaingia kwenye rejista. Kituo kinapouweka mkeka ule mezani chini ya bango lake, kinajisifia kazi ya bibi yake mwanafunzi. Alichokifuata darasani, yaani kusoma, kuandika na hesabu, hakionekani mezani hata kidogo.

Tena iangalieni bei. Muulize mwenye mkeka anauza kiasi gani, atatazama juu kidogo kisha ataje namba, na ukimbembeleza atapunguza. Tuseme ametaja shilingi 40,000. Ukindu, rangi na nauli vimekula 12,000. Kazi imemchukua siku 20. Kilichobaki ni 28,000, sawa na shilingi 1,400 kwa siku, na hapo bado hujampunguzia. Kofia ya mkono, ile ya vitobo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, huweza kumla mtu wiki kadhaa, pengine miezi, halafu inatundikwa dukani ubavuni mwa kofia ya mashine. Sherehe isiyoigusa hesabu hii inampongeza mtu kwa kujipunja.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka maonyesho yafutwe. Aliyewahi kusimama mbele ya darasa la watu wazima anajua adui wake ni mahudhurio. Pemba karafuu zikiiva, madawati yanabaki matupu. Pwani, maji yakitoka, wakulima wa mwani wako shambani. Na kuna haya. Mtu ana wajukuu wanaosoma skuli, halafu yeye ndiye anayehangaika kushika kalamu. Kazi za amali, yaani ufundi wa mikono, zinampa nafasi ya kuwa fundi kwenye chumba kilekile anachoonekana mjinga. Mwalimu kijana akimuuliza, "Bibi, hapa unarudishaje?", mambo yamegeuka, na kesho yake bibi anarudi. Hilo si dogo.

Halafu si wote waliokuja na ufundi wao. Kituo cha Elimu Mbadala Rahaleo, kwa mfano, kinapokea vijana walioacha skuli, na kwao amali ndiyo somo lenyewe. Kijana aliyeingia hajui kukata suruali akatoka anaikata, ana haki ya kuionyesha, na kituo kina haki ya kujivuna naye. Kosa letu ni kuyachanganya makundi haya mawili kwenye meza moja na sifa moja.

Mimi ningebakisha meza, nikaongeza kitu juu yake: daftari. Kando ya kila mkeka liwepo lile la mwenyewe, kwa mwandiko wake, limeandikwa ukindu ulinunuliwa kiasi gani, siku ngapi zilitumika, bei ikapatikanaje. Najua wapo watakaoona aibu mwandiko wao kutazamwa na wageni. Hao wasilazimishwe, karatasi iliyobandikwa bila jina inatosha. Ila hapo ndipo mgeni rasmi atakapoona elimu ya watu wazima imefanya nini, na akitaka kupunguziwa bei, hesabu iko mbele ya macho yake.

Soko nalo linadai hivyohivyo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni laki saba, lakini ingia maduka ya Mji Mkongwe uone kinachouzwa: picha za Tingatinga, sanaa iliyozaliwa Dar es Salaam, na vinyago vya Kimakonde. Sina ugomvi navyo. Lakini hoteli ikitaka mikoba 60 ya ukili, inaitaka ya kipimo kimoja, kwa tarehe iliyokubaliwa, na risiti juu. Ufundi wa kusuka peke yake hauitimizi oda hiyo. Inataka futi ya kupimia, kitabu cha oda na mtu anayeweza kusoma masharti kabla ya kutia saini, na hayo ndiyo masomo ya kisomo hasa.

Lipo pia suala la tarehe. Maonyesho ya Septemba yanawakusanya walimu, maofisa na jamaa za wanafunzi, watu ambao misala wanayo tele nyumbani. Maonyesho ya biashara ya Januari, wakati wa sherehe za Mapinduzi, huvuta wanunuzi. Ningependa kuona nusu ya bajeti ya maturubai na chakula cha wageni ikihamishiwa huko, ilipie meza na nauli ya boti kwa wanaotoka Pemba.